Je, "Conditionnel Présent" ni -nge-? Uhakiki wa Jedwali la Safu Mbili

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayeingia idarani kwetu akitokea katika sekondari za Burundi huja na lugha kadhaa kichwani: Kirundi cha nyumbani, Kifaransa cha shuleni, na Kiswahili ambacho baadhi wamekipata mitaani, Buyenzi au Bwiza, na wengine wamekipata darasani peke yake. Huja pia na daftari, na ndani ya daftari hilo mara nyingi mna jedwali la safu mbili. Kushoto zimeandikwa njeo za Kifaransa, kulia viambishi vya Kiswahili. Présent ni -na-. Futur simple ni -ta-. Passé composé ni -li- au -me-. Conditionnel présent ni -nge-. Jedwali hupigiwa mstari kwa wino mwekundu, hukaririwa, na somo huishia hapo.

Makala haya yanahakiki mstari huo wa mwisho tu. Hatusemi kwamba ni uongo mtupu, kwani ziko sentensi nyingi ambamo conditionnel hutafsirika vizuri kwa -nge-. Tunachosema ni kwamba conditionnel présent ina kazi nyingi, na -nge- hushika baadhi yake tu. Tena katika kazi mojawapo, ile ya kutoa habari isiyothibitishwa, kuweka -nge- humfanya msomaji aelewe jambo jingine kabisa. Kwa mwanafunzi aliye katika chumba cha mtihani, hilo ni suala la alama mbili. Kwa yule atakayekuwa mtangazaji au mfasiri, ni suala la kuwaambia watu kwamba jambo fulani si kweli, ilhali aliyeandika Kifaransa hakusema hivyo.

Tutaanza na umbo, kisha tutaitazama -nge- yenyewe, halafu tutapitia kazi za conditionnel moja moja. Mwishoni tutapendekeza kitu cha kuweka mahali pa jedwali.

2. Umbo: jambo jepesi linalofanywa zito

Wanafunzi wengi huliogopa umbo la conditionnel présent kwa sababu wamefundishwa kulikariri kitenzi baada ya kitenzi, nafsi sita kwa kila kitenzi. Hakuna haja. Kanuni ni moja: chukua shina la futur simple, uliongezee viambishi tamati vya imparfait, yaani -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Kwa vitenzi vya kawaida shina hilo ni kitenzi-jina chenyewe: parler hutoa je parlerais, finir hutoa je finirais. Vitenzi vinavyoishia kwa -re huacha ile e ya mwisho: prendre hutoa je prendrais, vendre hutoa je vendrais.

Vitenzi vyenye shina la pekee havifiki hata ishirini katika matumizi ya kila siku, na shina ni lile lile la futur. Être ni ser-, avoir ni aur-, aller ni ir-, faire ni fer-, venir ni viendr-, tenir ni tiendr-, pouvoir ni pourr-, vouloir ni voudr-, devoir ni devr-, savoir ni saur-, voir ni verr-, envoyer ni enverr-, courir ni courr-, mourir ni mourr-. Kuna pia falloir na valoir, ambavyo huonekana hasa katika il faudrait na il vaudrait mieux. Aliyejua kusema je viendrai hana cha kujifunza tena ili aandike je viendrais, isipokuwa herufi moja.

Herufi hiyo moja ndiyo yenye mtego. Katika mazungumzo ya wengi, je viendrai na je viendrais husikika karibu sawa, na mwanafunzi anayeandika kwa kufuata sikio hukosea. Dawa yake ni kubadili nafsi. Weka nous mahali pa je: ukipata nous viendrons, ni futur, ukipata nous viendrions, ni conditionnel. Vivyo hivyo kwa il: il viendra na il viendrait. Ipo pia tofauti ya r moja na r mbili: nous courions ni imparfait, nous courrions ni conditionnel. Haya ni mambo ya saa moja ya somo, si ya muhula mzima.

Kwa upande wa Kiswahili, umbo ni jepesi zaidi. Kiambishi cha nafsi hufuatwa na -nge- kisha kitenzi: ningesoma, ungesoma, angesoma. Vitenzi vya silabi moja hubaki na ku- yake: ningekula, angekuja. Katika ukanushi tuna njia mbili zinazokubalika, nisingesoma na singesoma, ingawa ya kwanza ndiyo inayotawala siku hizi katika vitabu vya shule.

Basi tatizo haliko katika umbo. Aliyelishika umbo la lugha zote mbili hudhani amemaliza kazi, na jedwali humthibitishia dhana hiyo, kwa sababu jedwali hushughulika na maumbo tu. Halina safu ya tatu inayouliza msemaji anafanya nini.

3. Kiswahili kinaposema -nge-

Kabla ya kuuliza conditionnel inatafsiriwaje, yafaa tujue -nge- inasema nini katika lugha yenyewe. Tazama sentensi hizi:

(a) Ukija kesho, utamkuta.
(b) Ungekuja kesho, ungemkuta.
(c) Ningekuwa na gari, ningekupeleka.

Katika (a) mlango uko wazi kabisa: huenda ukaja, huenda usije. Katika (b) mlango umerudishwa: msemaji anaona kuja kwako hakuelekei kutokea, au anakushawishi ubadili mpango. Katika (c) mlango umefungwa: msikilizaji anaelewa papo hapo kwamba msemaji hana gari. Hakuna aliyemwambia, ila -nge- imemwambia.

Kwa hiyo -nge- huhamisha jambo kutoka katika ulimwengu uliopo na kulipeleka katika ulimwengu wa kudhania, na mara nyingi huacha nyuma ujumbe kwamba jambo hilo sivyo lilivyo. Ikisimama peke yake bila kishazi cha sharti, msikilizaji hungoja kipande kilichobaki. Mtu akisema "Angekuja" kisha akanyamaza, tutamuuliza: "Lakini?" Hatutamuuliza: "Nani kakwambia?" Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo kiini cha makala haya.

4. Kazi za conditionnel présent

4.1 Sharti

Hapa ndipo jedwali linapopata haki yake. Si j'avais de l'argent, j'achèterais ce livre ni "Ningekuwa na pesa, ningenunua kitabu hiki." Maana imekaa sawa. Lakini hata hapa umbo si lile lile. Kiswahili huweka -nge- mara mbili, katika kishazi cha sharti na katika kishazi kikuu. Kifaransa sanifu huweka conditionnel katika kishazi kikuu tu; baada ya si huweka imparfait. Mwanafunzi anayeamini kwamba -nge- ni conditionnel huandika si j'aurais de l'argent, na mwalimu wa Kifaransa humkata alama bila kujua kosa limetoka wapi. Limetoka katika jedwali letu.

Walimu wa Kifaransa wana msemo wa kukumbushia kanuni hiyo, kwamba les si n'aiment pas les -rais, yaani si na -rais hazipatani. Msemo huo husaidia, ila nao una mpaka wake. Si ya swali lisilo la moja kwa moja hukubali conditionnel bila taabu: Je me demandais s'il viendrait, yaani "Nilikuwa najiuliza kama atakuja." Mwanafunzi aliyekariri msemo bila kuelezwa kwamba ziko si mbili, ya sharti na ya swali, ataikataa sentensi hiyo iliyo sahihi. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili halipaswi kuwa geni, kwani neno letu kama nalo hufanya kazi zote mbili: "Kama ningejua" na "Sijui kama anajua."

4.2 Adabu na ushauri

Je voudrais un renseignement hutafsirika kwa "Ningependa kupata maelezo," na hakuna atakayelalamika. "Ningependa" imekwisha kukaa katika Kiswahili cha ofisini na cha mikutanoni. Hata hivyo, mtu anayenunua mkate dukani akisema "Ningependa mkate," muuzaji atamtazama mara mbili. Kiswahili kina neno lake la hapo: "Naomba mkate." Heshima imo ndani ya kitenzi omba, haihitaji kudhania.

Pourriez-vous m'aider? ni mfano ulio wazi zaidi. Tafsiri ya jedwali ni "Ungeweza kunisaidia?" Msikilizaji anaweza kuielewa kana kwamba unamuuliza juu ya uwezo ambao huamini anao, au unamlaumu kwamba alikuwa na uwezo na hakuutumia. Kiswahili cha adabu kitasema "Naomba unisaidie," au "Tafadhali nisaidie," na mbele ya mtu mzima kitatanguliza "Shikamoo" na "Samahani mzee." Kifaransa hupunguza makali ya ombi kwa kulisogeza mbali katika dhana. Kiswahili huyapunguza kwa salamu, kwa kuomba radhi na kwa umbo la -e. Njia ni mbili, heshima ni moja.

Katika ushauri, -nge- inarudi na kufanya kazi nzuri: Tu devrais te reposer inaweza kuwa "Ungepumzika kidogo," au "Heri ungepumzika," au "Afadhali upumzike." Angalia lakini kwamba kitenzi devoir kimetoweka. Anayesema "Ungepaswa kujipumzisha" ametafsiri kila neno, ila hasikiki kama mtu anayemwonea mwenzake huruma.

4.3 Wakati ujao unaotazamwa kutoka jana

Historia ya umbo lenyewe inatufundisha jambo hapa. Futur ya Kifaransa ilitokana na kitenzi-jina cha Kilatini kilichofuatwa na kitenzi "kuwa na": cantare habeo, kama kusema "nina la kuimba," ndiyo iliyozaa chanterai. Conditionnel ilijengwa hivyo hivyo, ila kitenzi kile cha pili kiliwekwa katika wakati uliopita: cantare habebam, "nilikuwa na la kuimba," ikazaa chanterais. Ndiyo maana shina ni la futur na viambishi tamati ni vya imparfait. Kwa asili, basi, conditionnel ni wakati ujao uliotazamwa kutoka wakati uliopita. Ndiyo sababu pia wanasarufi wengi wa leo hawaihesabu tena kuwa mode ya peke yake. Le Bon Usage, sarufi ya Mbelgiji Maurice Grevisse iliyotoka kwanza mwaka 1936 na kuendelezwa na André Goosse, katika matoleo yake ya baadaye huiweka miongoni mwa njeo za indicatif.

Kazi hiyo ya asili bado iko hai: Il a dit qu'il viendrait. Hakuna sharti hapa wala dhana. Mtu alitoa ahadi, nasi tunaisimulia. Kiswahili husema "Alisema kwamba atakuja." Kiambishi -ta- hakisumbuliwi na -li- ya mbele yake, kwa sababu sisi huiacha ahadi katika wakati wake.

Tunajua kwamba katika shule za Kenya wanafunzi hufundishwa kuigeuza -ta- kuwa -nge- katika usemi wa taarifa: "Nitakuja kesho" huwa "Alisema kwamba angekuja siku iliyofuata." Ni kanuni ya mtihani, na mwanafunzi wetu anayekwenda kusoma huko aijue. Kwa maoni yetu, hata hivyo, kanuni hiyo ina gharama. "Alisema atakuja" huiacha ahadi ikiwa hai. "Alisema angekuja" huwafanya wasikilizaji wengi wadhani kwamba hakuja, au kwamba kulikuwa na sharti lililosahauliwa kutajwa. Mfasiri akiwa na njia isiyo na utata, kwa nini achague yenye utata?

4.4 Habari isiyothibitishwa

Sasa tunafika mahali ambapo mstari wa jedwali unaleta madhara. Magazeti na redio za Kifaransa hutumia conditionnel kutoa habari ambayo mwandishi hajaihakikisha. Tuchukue sentensi ya kubuni:

(d) Selon des sources proches du dossier, le directeur serait en fuite.

Mwandishi anasema: nimeambiwa na wengine kwamba mkurugenzi amekimbia, wala mimi sijathibitisha. Hasemi kwamba amekimbia, wala hasemi kwamba hakukimbia. Amejivua dhamana tu. Mwanafunzi mwenye jedwali anaandika:

(e) Kwa mujibu wa vyanzo vilivyo karibu na suala hilo, mkurugenzi angekuwa mafichoni.

Msikilizaji wa Kiswahili anaelewaje? Anaelewa kwamba mkurugenzi hayuko mafichoni. Angekuwa mafichoni, lakini kuna kilichozuia, naye anangoja kuambiwa ni nini. Kifaransa kilikataa kudhamini habari, Kiswahili kimeikanusha. Tumesema hapo juu kwamba "Angekuja" huzaa swali "Lakini?" na si swali "Nani kakwambia?" Katika (d) swali la msomaji ni hilo la pili. Katika (e) tumempa la kwanza.

Wako wanaoliona kosa hilo na kulikimbia kwa kuandika:

(f) Mkurugenzi yuko mafichoni.

Hili ni kosa jingine, na pengine ni baya zaidi. Sasa mfasiri amedhamini kile ambacho mwandishi alikataa kukidhamini. Mtu ambaye gazeti la Kifaransa lilimtaja kwa tahadhari anatangazwa mtoro kwa Kiswahili. Nchi zetu za Maziwa Makuu zimeonja vya kutosha uchungu wa uvumi uliogeuka kuwa hakika kwa sababu tu umepita kinywani mwa mtangazaji. Hatuwezi kuuchukulia mpaka kati ya "nimesikia" na "najua" kama jambo dogo la sarufi.

Kiswahili kina zana nyingi za kuulinda mpaka huo, ila haziko ndani ya kiambishi cha njeo. Ziko katika maneno: inasemekana, inaripotiwa, inadaiwa, yasemekana, huenda, kwa mujibu wa. Hivyo (d) itakuwa:

(g) Inasemekana mkurugenzi yuko mafichoni.

Wala maneno hayo hayalingani. Inaripotiwa inaelekeza kwenye chombo au mtu aliyetoa taarifa. Inadaiwa ina harufu ya mashtaka, na inafaa zaidi pale ambapo mtu anatuhumiwa. Huenda ni makisio ya msemaji mwenyewe, si habari aliyopewa, kwa hiyo haifai katika (d). Neno eti nalo hubeba habari ya kuambiwa, ila hubeba na shaka au kejeli; katika mazungumzo ni zuri, katika taarifa ya habari litaonekana kuwa dhihaka.

Mwanafunzi wetu ana msaada mwingine ambao jedwali humfanya ausahau, nao ni Kirundi. Kirundi kina ngo, neno dogo linalomwambia msikilizaji kwamba maneno yanayofuata ni ya mtu mwingine. Mrundi yeyote anajua kwamba ngo haifanyi kazi ya vyoba vyiza, "ingekuwa vizuri." Umbo la kudhania liko mbali na alama ya kuambiwa. Mwalimu akimwomba mwanafunzi aseme (d) kwanza kwa Kirundi, ataona mwenyewe kwamba -nge- haina nafasi pale. Kifaransa ndicho kilichozikutanisha kazi hizo mbili katika umbo moja. Kirundi na Kiswahili havikufanya hivyo.

4.5 Mchezo, mshangao na tahadhari

Tutaje kwa ufupi kazi tatu ambazo vitabu vya shule huziacha. Watoto wa Kifaransa wakigawana nafasi katika mchezo husema: Toi, tu serais le docteur, moi je serais le malade. Watoto wetu hawasemi "Wewe ungekuwa daktari." Husema "Tufanye wewe ni daktari," au "Wewe uwe daktari, mimi niwe mgonjwa."

Mtu aliyeshutumiwa kwa jambo asilolifanya husema kwa Kifaransa: Moi, je ferais une chose pareille? Kwa Kiswahili ni "Mimi nifanye jambo kama hilo?" Umbo la -e linabeba mshangao wote. Na anayemwonya mwenzake juu ya mvua husema: Prends un parapluie, au cas où il pleuvrait. Kiswahili kinajibu kwa "Chukua mwavuli, mvua isije ikanyesha." Katika mifano yote mitatu -nge- haimo.

5. Safari ya kurudi

Jedwali linakosea pia likisomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Sarufi za shule hutenga -nge- kwa jambo linaloweza bado kuwa, na -ngali- kwa jambo lililokwisha kupita. Katika matumizi ya leo wasemaji wengi hutumia -nge- kwa yote mawili: "Jana ningekuja, ila niliumwa." Mwanafunzi anayeona -nge- na kuandika je viendrais amekosea wakati, Kifaransa kinataka je serais venu, yaani conditionnel passé. Haitoshi kuangalia kiambishi. Lazima aangalie neno jana.

Vile vile "Laiti ningejua" haina conditionnel hata kidogo katika Kifaransa. Ikiwa majuto ni ya jambo lililopita, ni Si j'avais su! Ikiwa ni hamu ya sasa, ni Si seulement je savais! Kwa hiyo -nge- moja ya Kiswahili inaweza kwenda kwenye conditionnel présent, conditionnel passé, imparfait au plus-que-parfait. Conditionnel présent moja, kama tulivyoona, inaweza kuja kwetu kama -nge-, -ta-, umbo la -e, naomba au inasemekana. Mstari ulionyooka kati ya viwili hivyo haupo.

6. Tufanye nini darasani?

Si haki kulilaumu jedwali bila kutambua kwa nini lipo. Madarasa ni makubwa, vitabu ni vichache, na mwalimu anahitaji kitu kinachoingia ubaoni. Kwa wiki ya kwanza jedwali linasaidia. Tatizo ni kwamba hubaki daftarini mpaka mwaka wa mwisho bila kuguswa. Tunapendekeza lifuatwe mapema na maswali manne, ambayo nayo yanaingia ubaoni:

Kwanza, je, kuna sharti, la wazi au la kufichika? Kama lipo, tumia -nge-, na katika Kiswahili uiweke pande zote mbili.

Pili, je, msemaji anaomba au anashauri? Kama anaomba, fikiria naomba na umbo la -e. Kama anashauri, -nge- yaweza kufaa, pamoja na heri au afadhali.

Tatu, je, mtu anasimulia ahadi au matarajio yaliyotolewa zamani? Tumia -ta-.

Nne, je, msemaji anatoa habari ya kuambiwa? Hapo -nge- ni marufuku. Tumia inasemekana, inaripotiwa au inadaiwa, kwa kupima uzito wa kila moja.

Sentensi isiyoingia katika maswali hayo, kama zile za mchezo na za tahadhari, ijadiliwe kwa mdomo. Mwalimu amwombe mwanafunzi aeleze kwanza kwa Kirundi, au kwa Kiswahili cha mtaani kwake, kile ambacho msemaji anataka kifanyike. Tafsiri ije baadaye.

Tunapendekeza pia kwamba mitihani yetu iache kuuliza "Geuza vitenzi vifuatavyo viwe katika -nge-" kana kwamba kuunda umbo ndiyo kulijua. Aya moja fupi ya habari ya Kifaransa, yenye conditionnel mbili za kazi tofauti, inampima mwanafunzi vizuri zaidi kuliko vitenzi ishirini vilivyopangwa kwenye orodha.

7. Hitimisho

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko zamani. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022. Maandishi yanayovuka kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili yanazidi kuwa mengi: taarifa za habari, matangazo ya afya, barua za ofisi. Wengi watakaoyavusha ni wanafunzi wanaokaa katika madarasa yetu sasa. Tukiwaacha waondoke na mstari ule wa wino mwekundu, watauamini, kwa kuwa waliupata kwa walimu wao.

Tunawaomba walimu wenzetu na wanafunzi walete idarani sentensi za Kifaransa zenye conditionnel walizokutana nazo magazetini au redioni, pamoja na tafsiri zilizowatatiza, ili tuzijadili katika toleo lijalo. Sentensi zitakazopingana na hoja zetu zitakaribishwa kwanza.